Baba aliachia usukani ili amsalimie mkwe wake

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwa siti ya pembeni, mkanda nimefunga.

Mzee wangu yuko Msanzi, analima maharage, ana pikapu kuukuu aliyoinunua mimi nikiwa shule ya msingi. Ugonjwa wake ni mashindano ya magari. Nikienda likizo simu yangu inakuwa yake. Analalamika tu kwamba wale madereva wanapitana bila hata salamu.

Siasa za dunia nazo anazichambua. Anasema wakubwa wanapeana mkono mmoja mbele ya kamera, wakigeuka wanarushiana makombora. Wangesalimiana kwa makofi kama sisi, mikono yote miwili ingeonekana iko mitupu.

Maana kwetu Ufipa mkubwa hapungiwi mkono jamani. Unainama, unapiga makofi taratibu.

Ndiyo maana nilipomwonyesha video ya gari linalojiendesha, hakubisha. Akasema hilo linatufaa Wafipa.

Safari hii mama alikuwa ameniita nimwombe mzee funguo, asiendeshe tena. Nilikuwa naogopa hata kuanza. Ile pikapu ndiyo heshima yake.

Basi tunapeleka maharage Sumbawanga mjini, baba anaendesha. Mbele kasimama baba mdogo wa mama, yaani mkwe wake.

Mzee akaachia usukani. Mikono yote miwili! Paa, paa, paa. Gari likaanza kufuata mtaro, nikaudaka usukani mimi.

Hatua chache mbele, trafiki. Binti mdogo tu, kaona kila kitu. Alimwamkia mzee vizuri, akachukua leseni, akasema kwa kosa lile anaweza asiendeshe tena.

Kisha akamuuliza, "Mzee wangu, si ungesimama ukashuka, ukamsalimia vizuri?"

Baba akayashika magoti yake.

"Nikishuka, binti yangu, kupanda tena mpaka nisukumwe. Sitaki mkwe aone."

Aisee. Mimi mtoto wake wa kumzaa sikujua.

Trafiki naye alipoa. Leseni aliirudisha, ila akaniuliza kama na mimi ninayo yangu. Kabla sijaitoa mfukoni, baba alishachomoa funguo, akaniwekea kiganjani. Tukabadilishana siti. Nilimpandisha mimi, pikapu ikitukinga mkwe asituone.

Nikageuza gari tukarudi kwa mkwe. Nikashuka, nikainama, nikapiga makofi yangu. Baba akapiga ya kwake ndani ya gari, kwa raha zake, mpaka mkwe akacheka.

Tulipoondoka akaniambia, "Hili sasa ndilo lile gari la kwenye simu."

Wakuu, nilichojifunza: kabla hujamnyang'anya mzee wako funguo, jua kwanza anaficha nini. Siku hizi nikiwa likizo safari ya mjini inatuchukua nusu siku, kila mzee tunasimama, na sina haraka.

Ninyi wenzangu, wazazi wenu waliachaje usukani? Shusheni hapa.