Asali Aliyoichuja Khala

Baba yangu hakuwa muuza asali. Unguja alikuwa karani wa forodhani, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, na asali aliijua mezani tu. Lakini tulipofika Maskati, mwaka uliofuata ule wa mapinduzi tuliokimbia, karani hakuhitajiwa na mtu. Kazi zilikuwa chache na waliozishika walikuwa wakijuana. Sisi tulikuwa "Wazinjibari," watu wa Kiarabu kibovu. Tulirudi nchi ya mababu zetu, nayo ikatutazama kama wageni waliokuja bila kualikwa.

Tulikuwa watatu: baba, mimi, na mke wa baba. Mama yangu mzazi alifariki Unguja kabla ya yote hayo, na mimi nilikuwa nimeachwa na mume, sina mtoto, kwa hiyo nilimfuata baba. Yule mke alimwoa Aden, tulipokwama huko tukingoja ruhusa ya kuingia Omani. Alikuwa mjane, mshonaji nguo, na chumba tulichopanga kilikuwa nyumbani kwake. Alikuwa Myahudi. Dini yetu inamruhusu mwanamume kuoa mwanamke wa watu wa Kitabu, na baba hakumtaka abadili chochote. Nilipomuuliza alinijibu, "Mie nimemtaka yeye, sikutaka kumgeuza." Basi akaja nasi Maskati, akimwacha Aden dada yake wa pekee, na wote wawili wakiamini kuwa watakuwa wakitembeleana.

Nilimwita Khala, kama Waarabu wanavyomwita dada wa mama, na mke wa baba pia. Hakunizidi sana kwa umri. Kiswahili chake alikiokota kwangu jikoni, na Kiarabu changu nilikiokota kwake.

Tulikaa nje ya lango la mji, kwenye nyumba za makuti ya mtende, ua mmoja na jiko moja. Na katika jiko lile ndimo nilimojua Khala alikuwa mtu wa namna gani. Nyama hakula kabisa. Mchinjaji wao lazima awe mtu wa kwao, achinje kwa namna yao, na Maskati nzima hatukumjua Myahudi mwingine hata mmoja. Nyama aliiaga bandarini Aden. Papa mkavu, ambaye ndiye kitoweo cha maskini kule, hakumgusa. Wala pweza, wala ngisi, wala kamba. Samaki wake lazima awe na mapezi na magamba. Baba akileta nguru, Khala alimpitishia ukucha kwenye ngozi taratibu, akitafuta vile vigamba vyake vidogo, na akikiona kimoja alinionyesha huku akicheka: "Huyu wangu!" Maziwa alikunywa ya mbuzi wetu tu, aliyemkamua kwa mkono wake, na chungu cha maziwa hakikukutana na chungu changu cha nyama hata kwenye maji ya kuoshea.

Sikuona taabu. Kilichonishangaza ni asali.

Baba alianza kuuza asali kwa sababu watu wa milimani walikuwa wakiishusha Matrah, bandari ya jirani, na mmoja wao alimwamini akampa mzigo wa kwanza. Ilikuja kwenye viriba, nyeusi, imejaa mabawa na miguu ya nyuki na vipande vya masega. Khala alipoiona alishtuka kama aliyeona najisi.

"Mnaila hivi hivi?" aliuliza.

"Tunaila hivi hivi," baba akamwambia. "Kwani kwenu asali vipi? Nyuki si haramu kwenu?"

"Nyuki haramu. Asali halali."

"Haiji! Ngamia kwenu haramu na maziwa yake haramu. Nyuki haramu, asali yake halali?"

Khala alikaa kitako akamweleza, kama alivyoelezwa na babake. Maziwa ya ngamia ni ya mwili wa ngamia. Lakini asali, alisema, si ya mwili wa nyuki. Nyuki anaichukua kwenye maua, anaibeba, anaiweka. "Kama wewe unavyobeba maji kwenye mtungi. Maji ni ya mtungi?"

"Sisi tumeambiwa inatoka matumboni mwao," baba akasema.

"Na mtungi hauna tumbo?"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu Unguja nilikuwa sijamsikia akicheka vile, na sikumsikia tena.

Tangu siku hiyo Khala akaichuja asali. Haramu ni ule mguu wa nyuki, hata ukiwa mdogo wa kuonekana kwa shida, kwa hiyo aliipasha moto kidogo juani, akaipitisha kwenye kitambaa cha melimeli alichokishona mwenyewe, halafu akaipitisha tena. Ilitoka safi, unaweza kuona kidole chako upande wa pili wa chupa. Hakuifanya kwa ajili ya biashara. Aliifanya ili aweze kuila. Lakini baba akaipeleka sokoni, na watu wakaipenda. Wakaanza kuuliza, "Iko wapi ile asali safi ya Mzinjibari?" Jirani yetu, mama mmoja wa Kiomani ambaye hakuwahi kutoka nchi ile, alikuwa wa kwanza kuwasimulia wenzake kwamba mke wa muuza asali ana mikono ya ajabu. Kwa muda wa kama miaka miwili tulikula, tukavaa, na baba akarudia kupiga pasi kanzu yake.

Mwaka wa sitini na saba vita vya Waarabu na Mayahudi vikapiganwa huko Misri na Sham. Vilikwisha upesi, lakini kwetu ndipo vilipoanza. Redio za sokoni zilizungumza juu ya Mayahudi asubuhi mpaka jioni, na watu ambao zamani hawakujali mke wa muuza asali ni nani, sasa walijali. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Walipita tu mbele ya baba wakaenda kununua kwa mwengine. Mteja wake mmoja wa siku zote, mtu mzima mwenye adabu, alimvuta pembeni.

"Ndugu yangu, mimi sina neno nawe," alimwambia. "Lakini asali iliyopita kwenye mikono ile, wenyewe nyumbani hawaitaki. Niuzie iliyo chafu, nitanunua."

Baba alirudi nyumbani akala. Kisha akamwambia Khala, bila kumtazama, "Bibi, asali usiichuje tena. Wanaitaka vile inavyokuja."

Khala akamuuliza, "Hata chupa moja ya nyumbani?"

"Ya nyumbani chuja. Lakini ndani, usianike uani."

Alichuja ile chupa moja, kisha baada ya hapo sikumwona akichuja nyingine. Kitambaa chake alikikunja akakiweka. Alikaa na mikono yake mapajani, bila kazi. Na hata asali chafu haikutusaidia. Waliokwishahama hawakurudi.

Wakati ule ule habari za Aden zikaanza kufika. Tulisikia kuwa Mayahudi wa Aden wanapigwa na maduka yao yanachomwa. Kisha tukasikia kuwa wamechukuliwa wote. Wengine walisema kwa ndege, wengine kwa meli. Wamepelekwa wapi, kila mtu alisema lake. Khala alitaka kwenda. Siku zile mtu hakutoka Maskati vivi hivi. Lazima upate ruhusa, na ruhusa ilitoka juu. Baba alikwenda kwa wali, mkuu wa mji, akakaa barazani na wengine, akaambiwa angoje. Akaenda tena, akaambiwa angoje. Alipokwenda mara nyingine, karani wa pale akamuuliza, "Huyo mkeo anakwenda kwa nani?" Baba akasema, kwa dada yake. "Na huyo dada yuko wapi?" Baba akarudi nyumbani, kwa sababu hakuna aliyejua.

Mwishowe alipita mtu mmoja wa Hadhramaut, aliyekuwa akifanya kazi Aden, mtaa ule ule wa dada yake Khala. Khala alijifunika akatoka mwenyewe kumsikiliza.

"Nyumba ya dada yako ilifungwa," yule mtu alisema. "Sasa wengine wameingia wanakaa. Mwenyewe sikumwona siku waliyoondoka. Labda alitangulia. Labda hakuwahi. Sitaki kukudanganya, bibi."

Khala alimshukuru. Akaingia ndani, akaniambia, "Hataki kunidanganya. Mtu mwema." Akalala na nguo zake.

Ugonjwa ulimwanza polepole, kukonda na kikohozi, na homa ya alasiri. Tulimpeleka hospitali ya wamishonari, Matrah. Daktari alimpa dawa, akasema dawa peke yake haitoshi. Ale nyama, anywe maziwa mengi. Baba alimwambia kuwa nyama hawezi. Daktari akasema, basi maziwa. Lakini mwaka ule mvua haikunyesha, majani yalikuwa hakuna, na mbuzi wetu alikuwa akila maboksi ya sokoni. Matiti yake yakakauka. Maziwa ya mbuzi wa watu Khala hakuyataka, kwa kuwa hakuona nani kayakamua, ndani ya nini.

"Dini yako haikutaki ufe," nilimwambia siku moja kwa hasira. "Mgonjwa kwetu anaruhusiwa."

"Na kwetu anaruhusiwa," akasema. "Nnajua. Lakini sijafika huko."

Tulimpa mayai ya kuchemsha, tende, na ile asali ya chupa yake aliyokuwa akiiramba kwa ncha ya kijiko, ili isiishe. Ikaisha. Nilitaka kumchujia nyingine. Nilitoa kile kitambaa nikakifungua. Aliniambia niache.

Jirani yetu alikuwa na jamaa zake Sib, wenye ngamia. Siku moja asubuhi alikuja na bakuli la maziwa ya ngamia, bado yana povu, kayatia asali ndani, asali ya sokoni yenye kila kitu chake. Alikuwa mwanamke wa moyo mzuri. Alikuja na bakuli hilo kwa miguu kutoka langoni, yalikoteremshwa maziwa ya Sib, akilifunika kwa ncha ya shela yake. Nilisimama mlangoni nikitaka kumwambia ayarudishe, bila kumvunjia heshima. Nikamsikia Khala nyuma yangu.

"Nipe."

"Khala, ni ya ngamia," nikamwambia kwa Kiswahili, ili jirani asielewe.

"Nimesikia. Nipe."

Alijiinua kwenye mto akalishika bakuli kwa mikono miwili. Juu ya povu palielea bawa la nyuki. Alilitazama, hakulitoa. Akanywa mpaka chini. Jirani akapiga vigelegele vidogo vya furaha na kusema, "Sasa utapona, inshallah!" Mimi nililipokea bakuli tupu.

Jirani alipoondoka nilimuuliza kwa nini. Nilitaraji atasema kuwa sasa amefika huko kwenye ruhusa ya mgonjwa. Hakusema hivyo.

"Nilikuwa nikijichunga pamoja na dada yangu," alisema. "Nikiosha chungu, najua na yeye kule anaosha chungu. Sasa nijichunge pamoja na nani?"

Tangu siku ile alikula chochote tulichompa. Nilimpikia papa akala. Nilimtilia mchuzi wa nyama kwenye wali akala. Hakuuliza kuna nini, hakupitisha ukucha kwenye ngozi ya samaki. Baba aliona, na mwanzo alifurahi, akidhani uzima unarudi. Mimi niliyekuwa nikimlisha niliona kuwa hatofautishi kitu na kitu. Angeweza kutafuna makuti ya ukuta. Hakupata nguvu. Maziwa ya ngamia yalikuja kila siku, na kila siku alikuwa mwepesi zaidi mkononi nilipomgeuza.

Alikufa mwanzoni mwa mwaka wa sabini, mchana, baba yuko sokoni. Jirani ndiye aliyemfumba macho. Wanawake walijaa, wakateka maji, na jirani akawaambia, "Wetu huyu. Kanywa maziwa ya ngamia kwa mkono wangu. Mayahudi hawanywi." Aliwaambia hivyo ili wakubali kumwosha, na kila aliyeingia alimwambia tena.

Baba alikuja akifuatwa na wanaume. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na nilimsikia mmoja wao akimuuliza kwa upole, "Tumeambiwa alisilimu. Ni kweli?"

 Nilimsikia baba akivua viatu mlangoni.

"Ndiyo," akasema. "Alisilimu."

Basi akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, akazikwa na Waislamu chini ya mlima, na hata waliokataa asali yake walikuja kulishika jeneza.

Matanga yalipokwisha, baba aliniita nikae karibu naye.

"Ningesema hapana," aliniambia, "nani angembeba? Mimi na wewe? Tumpeleke wapi? Hapana makaburi yao hapa nnayoyajua. Ningemchimbia bondeni kama mnyama?"

"Hapana, baba."

"Hakunitaka nigeuke, na mie sikumtaka ageuke. Halafu nimemgeuza maiti." Alijifuta uso kwa kiganja. "Huko anakoulizwa sasa, wanamwuliza kwa dini gani?"

 Nilimuuliza kama nimletee chai, akasema hataki.

Miezi michache baadaye mfalme alibadilishwa na milango ya mji ikaachwa wazi, mtu akatoka apendako bila ruhusa. Watu walitoka na ngoma, wakacheza barabarani mchana kutwa, na jirani yetu alikuja mbio kutuita. Baba alikuwa kalala ubavu, kaelekea ukutani. Alisikia zile ngoma kama nilivyozisikia mimi. Akaniomba nifunge mlango.