Kilima cha Novemba Nilichompandisha Mama

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba, mwanangu Elibariki, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda. Safari hii aliyeichokoza ni wewe. Jumapili, baada ya ibada, ulinionyesha kwenye simu picha ya mlima ulioko katika hifadhi ya taifa huko Wales, ukasema baba yako akitua Alhamisi, Jumamosi utampeleka kuupanda. Kaka yangu huyo ana miaka sitini na tisa, na goti lake limepasuliwa. Nikakuuliza, kwa nini mlima, na kwa nini Novemba? Umekulia kwangu hapa Neasden, Landani, tangu una miaka minane, Kiswahili unakisikia chote, lakini kujibu unajibu unavyotaka. Ukanipigapiga begani: "Relax, Shangazi, it's just a hill. I've got the app." Yaani nitulie, ni kilima tu, na ramani unayo simuni.

Sikukujibu palepale kwa sababu wenzetu walikuwa wanakunywa chai, na sipendi kugomba mbele za watu. Sasa hawapo, kwa hiyo nitagomba. Ninyi vijana mnachagua hifadhi kama mnavyochagua viatu, mnatazama picha, mnabonyeza, basi. Picha yenyewe ilipigwa mwezi wa saba, watu wamevaa kaptula. Kaa chini usome haya mpaka mwisho, na hiyo app yako izime kwanza.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nesi wa wodi ya wazee, mwaka wangu wa nne Landani. Mama yangu, bibi yako, alikuja kunitembelea alipomaliza kuvuna kahawa. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alikuwa bado anabeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka shambani mpaka nyumbani bila kupumzika. Wewe wakati huo ulikuwa na miaka mitano, ukimfuata nyuma kila aendako. Alipofika hakuomba kitu ila kimoja. Niliwahi kumtumia picha ya miti yenye majani mekundu na ya njano, akaitundika ukutani. Akaniambia, "Nataka kuiona hiyo miti kwa macho yangu. Watu wanasema umeipaka rangi."

Ombi lenyewe lilikuwa dogo kabisa. Msimu huo wenyeji wa huku wanauita autumn, nasi tunautafsiri vuli, lakini si vuli ya kwetu yenye mvua za kupandia maharage. Huku vuli ni miti kuvua nguo, na ikifika mwisho wa Novemba imebaki michache iliyovaa. Kwa hiyo anayetaka majani lazima ajue aende wapi, na asiyejua aulize. Kuuliza si ujinga.

Na mimi niliuliza, ndiyo maana hasira haiishi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi pale Kenton, Mzee Jayanti, mwenye duka la vyakula tulikonunua unga wa mahindi na mihogo. Alizaliwa Moshi, Kiswahili chake ni cha mjini kwetu, na kila mwezi alikuwa akitoka na wazee wenzake wa hekaluni kwenda kutembea kwenye hizi hifadhi za taifa. Alikuwa amezimaliza karibu zote kwa miguu. Nikamwambia nataka kumpeleka Mama mbugani. Akaacha kupima mchele.

"Mwezi huu mpeleke New Forest, huko kusini," akasema. "Ni tambarare, kuna farasi wadogo wanazurura wenyewe, na kuna miti ambayo majani yake huchelewa kuanguka. Anatembea saa moja, anakunywa chai, mnarudi. Milimani huko kaskazini usiende sasa, dada. Hakuna jani hata moja, na siku inakufa mapema."

Nikasema asante, nikatoka, na nje ya duka nikacheka. Mhindi wa dukani anifundishe mimi Mchagga wa Marangu habari za mlima! Mimi ambaye nimekua naona theluji kupitia dirisha la jikoni! Nilikuwa nimeshachagua Peak District, hifadhi ya vilima huko kaskazini, na kisa cha kuichagua nakwambia bila kuficha. Nesi mwenzangu, Mkenya, alikuwa amekwenda huko, akapiga picha amesimama kwenye mwamba, bonde lote liko chini yake, akaibandika kwenye chumba chetu cha kupumzikia. Kila nikinywa chai naiona. Nikataka yangu. Mwenzangu alikwenda mwezi wa nane, jua linazama karibu saa tatu usiku, lakini hilo sikulipa uzito. Nikatazama ramani, nikaona kilima chenyewe hakifiki hata mita mia saba. Nyumba yetu Marangu iko juu kuliko kilele chake! Nikasema huu si mlima, ni kichuguu.

Mume wangu alikuwa zamu, anaendesha basi. Nikamwambia, "Tunakwenda mbugani," akasema haya. Hakuuliza mbuga ipi na mimi sikumwambia. Tukatoka na gari saa moja asubuhi, foleni ya barabara kuu ikatukamata, tukafika saa tano na nusu. Mama amevaa koti langu la kazini, kitenge juu ya suruali, na raba za kutembelea mjini. Nikaegesha gari. Akaangalia huku na huku.

"Geti liko wapi?"

Nami nilikuwa natafuta geti. Kwetu, mwanangu, hifadhi ya taifa ina geti. Unaandikwa jina kwenye daftari, askari anajua mmeingia wangapi, na msipotoka jioni mnatafutwa. Huku hakuna uzio wala askari. Watu wanaishi humo humo, wana mashamba, wana kanisa. Unaingia hakuna anayejua, na usipotoka hakuna anayejua. Mimi nikaona ni raha, tumeingia bure.

"Na wanyama?" Mama akauliza.

Nikamwonyesha kondoo. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Tumesafiri asubuhi yote kuja kutazama kondoo!" Kisha akauliza miti iko wapi. Miti haikuwapo. Kulikuwa na nyasi za rangi ya kutu, mawe, na mawingu yamekaa juu ya kilima. Nikamwambia twende juu, huko ndiko kuzuri. Nilimdanganya mama yangu, kwa sababu sikujua juu kuna nini.

Tulianza kupanda saa sita mchana. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ukimwambia saa sita, tumbo lake linamwambia siku bado nusu. Miaka minne nilikuwa Landani, giza la saa kumi nilikuwa naliona kila Novemba kupitia dirisha la wodi, lakini sikuwahi kulihesabu kuwa giza. Mjini taa zinawaka, mabasi yanapita, nani anajali jua limekwenda wapi? Ilipofika saa saba na nusu Mama akasimama. Akasema, "Mwanangu, turudi. Miguu imeloa." Nikamjibu, "Kidogo tu Mama, ni hapo juu." Alisema mara mbili. Mara ya pili hakunitazama, akainama akaendelea kupanda, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji na yeye ni mgeni wangu. Sentensi hiyo ya "kidogo tu" naichukia mpaka leo, na ukiniambia mimi utaona.

Juu hapakuonekana kitu. Ukungu mtupu. Nikampa Mama kamera, nikapanda juu ya mwamba, akanipiga picha. Ilipokuja kusafishwa ilikuwa nyeupe, na mimi nimesimama humo kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Tulianza kushuka ikikaribia saa tisa. Ukungu ukashuka nasi. Udongo wa kule ni mweusi, umeloa maji mwaka mzima, unameza kiatu. Saa kumi ilikuwa giza, na simu ya mkononi niliyoazima kwa mume wangu haikushika mtandao. Mama akateleza. Nikasikia mfupa wa kifundo cha mguu ukivunjika, na kazi yangu imenifundisha sauti ya mfupa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu! Hilo ndilo linaloniumiza. Mkaidi nilikuwa mimi, na aliyelia ni Mama.

Nilimfunika kwa koti nililovaa, nikamfunga kitenge chake kichwani, nikamlalia. Alitetemeka, kisha akaacha kutetemeka. Wewe unaweza kudhani ni nafuu. Mimi nesi nilijua kwamba mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka, mwili umeanza kukata tamaa. Akaanza kuzungumza Kichagga na dada yake, ambaye tulikuwa tumemzika miaka sita nyuma. Nikapiga kelele kuita watu. Nani anisikie? Hapakuwa na daftari lililoandikwa jina letu.

Walitukuta mzungu mmoja mzee na mkewe na mbwa wao. Mbwa ndiye aliyetukuta. Wao walikuwa na tochi, na binti yao alijua wamepita njia ipi na watampigia saa ngapi. Mzee akaniuliza nani anajua mko huku. Nikasema hakuna. Hakunikaripia, akavua koti akamfunika Mama, akamwacha mkewe nasi, akashuka kwenda kupiga simu. Wakaja waokoaji wa milimani wa kujitolea kumi na wawili, mmoja fundi bomba, mmoja mwalimu, wameacha chai yao mezani. Wakambeba Mama kwa machela mpaka barabarani. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi, yeye asingekuwa na cha kutibu.

Wiki iliyofuata Mzee Jayanti akaja hapa Neasden na sufuria ya chakula alichopika mkewe. Nikamkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Uliwahi kuupanda Kilimanjaro?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Mimi pia. Tumezaliwa chini yake sote wawili, tumeutazama tu. Kutazama mlima si kuupanda, dada. Mama yako alitaka majani. Wewe ulitaka kilele. Siku ile ulikuwa unamtembeza mama, au ulikuwa unajitembeza mwenyewe?"

Akamwamkia Mama kwa heshima, akaondoka. Mama alipoweza kutoka nje kwa magongo, miti yote ilikuwa mitupu. Majani mekundu hakuyaona, wala hakupata tena nafasi ya kurudi.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa kwetu Marangu. Unamkumbuka bibi yako akitembea na mkongojo, akimlipa mtu kumbebea ndizi zake. Ulimuuliza, nawe ukajibiwa kama kila mtu pale Marangu, kwamba aliteleza bafuni Landani. Maneno hayo aliyatunga yeye, kwenye ndege nilipokuwa namrudisha nyumbani, ili watu wasiseme binti yake alimpeleka kufa. Watu walicheka mabafu ya Ulaya, na mimi nilicheka nao. Siku ya mazishi, baba yako alisoma wasifu wa marehemu, akasoma na habari za bafu. Nilikuwa nimekaa mbele. Nikainamisha kichwa. Hakuteleza bafuni, Elibariki. Nilimpandisha mimi.

Kwa hiyo usiniambie nitulie! Nasaha yangu ni hii. Unapochagua hifadhi ya kwenda, anza na miguu ya aliye dhaifu kuliko wote katika safari, halafu muulize moyo wake unataka kuona nini, ndipo ufungue ramani. Mwisho wa Novemba nenda bondeni, msituni, au pwani kwenye njia ya tambarare, na milima iachie mwezi wa sita. Hesabu saa za mwanga, na jua likiwa bado lipo, wewe uwe tayari umekaa mahali penye chai. Mwachie mtu jina la mahali na saa ya kurudi, maana huku hakuna askari wa geti. Mzee akisema turudi, geuka hapohapo, hata kama kilele kiko hatua kumi. Na mwenyeji wa njia akikuonya, usitazame anauza nini dukani wala kabila lake. Mwenda pole hajikwai, na mwenye kiburi hujikwaa akamwangusha mwenzake.

Baba yako akifika Alhamisi, mwache kwanza ale na apumzike. Kisha nitakaa naye nimweleze mguu wa mama yetu ulivunjikia wapi. Akinikasirikia ni haki yake, nami nimeichelewesha mno. Jumamosi mpeleke kusini, kule New Forest, na mimi nitakuja.

Mungu akupe sikio kabla hajakupa nguvu, mwanangu. Akujalie wazee wa kukuonya, na moyo wa kutowacheka ukitoka nje. Na baba yako, Mungu amrudishe Marangu akitembea kwa miguu yake yote miwili.