Marahaba ya Seva

Wanaotaka kucheka wacheke, lakini programu yangu haikukosea.

Ofisini Handeni mimi ndiye mkubwa kwa umri, na vijana kila wakiingia kwenye seva yetu ya kuchati huniandikia shikamoo. Nilipochoka, nikaiagiza seva imjibu kila anayeingia, kwa jina langu: “Marahaba, mwanangu.” Kisha nikaandika programu ya kuifanya seva hiyo ijisimike yenyewe katika ofisi yetu ya Korogwe, nayo ikajisimika barabara, pamoja na marahaba yangu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mkurugenzi wetu, rika la mama yangu, ambaye ndiye wa kuamua seva ibaki au ing’olewe.

Akanipigia simu. “Nani kakuamkia, wewe? Ingia uniamkie humo humo, ofisi zote zione!”

Nikaingia. Sijagusa hata herufi, seva ikaniwahi mbele ya wote: “Marahaba, mwanangu.”