Karatasi Iliyokatazwa Langoni

Jumapili, tarehe 29 Agosti 1999, Bi. Rhoda Mbithe Kyalo alisimama kwenye lango la kanisa letu, Kalama, akikagua mizigo ya waliokuja kwenye sherehe ya mavuno. Sherehe ya mwaka uliotangulia iliacha mifuko ya nailoni uwanja mzima. Ng'ombe wake wa pekee akala mmoja, akafa. Ndipo kamati ikabandika tangazo: "Usije na karatasi."

Mgeni wa heshima, mwalimu mstaafu aliyefundisha Mombasa miaka mingi, alifika na maharagwe ya sadaka ndani ya mfuko mweusi wa nailoni.

"Mwalimu, hiyo karatasi haiingii," alisema Bi. Rhoda.

Mwalimu alijipapasa koti. "Karatasi gani, mama? Hata hotuba yangu nimeiacha nyumbani kwa kuheshimu tangazo lenu."

"Hotuba haina shida. Ng'ombe yangu haikukufa na hotuba. Karatasi ni hiyo umeshika."

Mwalimu aliutazama mfuko kama mwanafunzi aliyerudishiwa mtihani, kisha akamimina maharagwe kwenye kiondo cha Bi. Rhoda. Alihutubia bila kusoma, kwa dakika nne.

Mimi niliyepanga karatasi ofisini hadi kustaafu bado najiuliza neno letu lilihamia lini kwenye nailoni.

Sokoni husimuliwa kwamba Bi. Rhoda alimnyang'anya mgeni hotuba ili tule mapema. Si kweli. Alichokizuia ni mfuko. Hotuba ilikuwa nyumbani, juu ya meza, ikitii tangazo.