Nisomee Kwanza

Juzi, rafiki yangu, nikisahihisha insha za darasa la tano hapa Buzuruga, nilikuta daftari la binti mmoja lina mistari miwili tu. Niliagiza ukurasa mzima! Nikashika kalamu nyekundu, halafu mkono ukagoma. Nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Maana mimi nami niliwahi kuogopa kuandika, kule kijijini kwetu karibu na Kigongo. Nyumbani tuliongea Kisukuma, Kiswahili tulikutana nacho shuleni. Mwalimu wetu wa kwanza alirudisha madaftari yamejaa wino mwekundu, akasoma makosa kwa sauti, darasa zima likacheka. Nikajifunza ujanja: ukiandika kidogo, unakosea kidogo.

Akaja mwalimu mpya, mama mmoja mpole. Huyo hakugusa daftari kabla hujamsomea. "Nisomee kwanza," alisema, kalamu kaiweka chini. Nikamsomea jinsi mvua ilivyowanyeshea dagaa wa bibi walioanikwa mwambani, na bibi akayagombeza mawingu. Nilisubiri kuchekwa. Yeye akauliza, "Ehe, bibi akafanyaje?"

Jamani! Alitaka kujua! Nikarudi kukaa, nikajaza kurasa mbili. Baadaye ndipo alipochukua penseli, akaweka nukta ndogo pembeni ya kila mstari wenye kosa, nilitafute mwenyewe. Nikirekebisha, anafuta nukta.

Jioni nilimsomea bibi, mikono yake ikinuka dagaa. "Kumbe umeandika kweli kwamba niliyagombeza?" akauliza, akataka nirudie. Nilirudia mara tatu, ugali ukapoa.

Siku hizi kule watu wanavuka ziwa kwa daraja. Honi ya kivuko iliyokuwa ikituamsha haisikiki tena, bibi hayupo, na mwalimu naye ametangulia. Nawakumbuka sana.

Basi nikamwita yule binti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu nisomee kwanza."

Akasoma, macho chini: kaka yake amehamia visiwani kuvua samaki, na kitanda chake kiko wazi.

"Ehe," nikasema, "akiwa nyumbani anapenda kufanya nini?"

Akanitazama kama vile hakuamini kwamba nauliza kweli. Akachukua daftari lake, akaondoka mbio.

Leo asubuhi kaleta kurasa tatu. Makosa tele, tena si mchezo! Lakini kaka yake yumo humo mzima, anaimba akiosha vyombo. Nilisoma mpaka mwisho, ndipo nikaanza kutafuta penseli.