Karanga Nilizopeleka Maabara

Ilianza Jumanne saa nne na robo asubuhi, kwenye maabara ya shule yetu hapa Chiungutwa. Mgeni kutoka chuo, dada mmoja aliyekuwa akizunguka kupima karanga za watu, alikuwa ameagiza kila mmoja wetu alete karanga za kujaa kiganja kutoka nyumbani. Alikuja na uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ncha yake imepakwa kitu kinachonasa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Ikinaswa, mwanga unaopita ndani ya uzi unabadilika rangi kidogo sana, na mstari kwenye kompyuta unasogea. Kabla ya kupima alizungusha kitufe taratibu, akiurekebisha mwanga kama Babu anavyotafuta stesheni ya redio.

Mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Zangu zilipomwagwa mezani, wenzangu walicheka, wakasema hizo ni za harusi. Nene, nyekundu, zote sawa. Zikasagwa, zikachanganywa na maji, uzi ukachovywa humo. Mstari haukusogea.

"Safi kabisa," mgeni akasema. "Mpe mama yako hongera."

Sikumwambia kwamba nilizitoa kwenye gunia la kuuza. Kwetu tukichambua, nzuri zinaenda guniani. Zilizosinyaa na zenye ukungu zinabaki kwenye kopo, zinatwangwa kwa ajili ya uji wa mdogo wangu, ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Nilipeleka nzuri kwa sababu niliona aibu, basi.

Tangu hapo sikutulia. Nilifua sare iliyokuwa safi. Nilienda kisimani mara mbili. Jioni Mama alikuwa ameshawaambia majirani kuwa karanga zetu zimepita kwenye mashine, na huku anakoroga uji. Nikamwambia labda tuache zile za kopo.

"Si ndizo zilizokukuza wewe?" akaniuliza.

Mdogo wangu akalamba kijiko, akanyoosha mkono aongezewe. Nikatoka nje.

Jumatano asubuhi nilichota kwenye kopo, nikafunga kwenye karatasi ya daftari, nikaenda shule nusu nakimbia. Mgeni alikuwa anafunga sanduku lake kwenye bodaboda, aende Masasi akapande gari la Newala. Nikamwamkia.

"Za jana zilikuwa za kuuza," nikasema, naangalia viatu vyake. "Hizi ndizo tunazokula."

Akamwomba dereva asubiri, akafungua sanduku. Safari hii nilisimama mbele, karibu kabisa na kompyuta, nikaukazia macho ule mstari.