Hati Ambayo Emmett Hakuisaini

Lorna Pruitt na Emmett Gaskill waliishi pamoja miaka kumi na tisa bila ndoa. Kila mmoja alikuwa ameachana na mwenzi wake wa kwanza, na habari za harusi hawakutaka kuzisikia tena. Nyumba yao ya Marietta, Ohio, ilikuwa kwa jina la Emmett. Lakini aliyepaka jiko rangi ya njano ni Lorna, na aliyemuuguza Emmett moyo ulipoanza kumsumbua ni Lorna.

Ndipo wakaenda kwa wakili, mama mmoja mcheshi. Akawaandikia amana, yaani mpango wa kisheria wa kumtunzia mtu mali: Emmett akifariki, Lorna akae katika nyumba ile maisha yake yote, kisha ndipo imwendee Curtis, mwana wa Emmett. Hakuna kusumbuana na mahakama ya mirathi.

"Ila hapa nimekupa kapu tupu, Emmett," wakili alisema. "Nyumba haimo ndani mpaka uhamishe hati. Rudini tuisaini, na wosia pia."

"Tutarudi Alhamisi," Emmett akajibu.

Alhamisi zikapita. Lorna akawa anamkumbusha.

"Emmett, ile hati?"

"Alhamisi, mpenzi."

"Alhamisi ya mwaka gani?"

"Wee mwanamke, unataka kunizika na bado napumua?"

Wakacheka, wakaendelea kula.

Emmett alianguka gereji mwezi wa Machi, bisibisi mkononi. Lorna alimkuta ameshapoa.

Mahakamani jaji alimsikiliza kwa upole, lakini upole haukusaidia kitu. Hati ilikuwa ya Emmett, wosia haukuwepo, na Lorna hakuwa mke. Kila kitu kikaenda kwa Curtis.

Curtis alikuja kutoka Texas. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi jikoni na kofia magotini.

"Chukua vyombo vyote unavyotaka, Lorna. Lakini nyumba lazima niiuze. Nina watoto wanasoma."

"Baba yako alitaka nikae hapa."

"Labda."

"Labda nini? Alisema mbele ya wakili!"

Curtis akainamisha kichwa. "Ofisi ya wakili inatazamana na mkahawa ambamo baba alikuwa anakunywa kahawa kila asubuhi. Mtu akitaka jambo kweli, si anavuka barabara tu?"

Lorna akainuka, akaanza kutoa vyombo kabatini. Angeweza kuvumilia kupoteza nyumba. Neno lile ndilo lililomvunja.

Alihamia kwa dada yake, Peggy, katika chumba kinachotazama maegesho ya magari. Peggy alimwambia, "Mwanaume aliogopa kufa, basi. Kusaini aliona ni kukubali." Lorna aliitikia, ila usiku usingizi haukuja. Wiki iyo hiyo akaandika wosia wake, ingawa hakuwa na mali zaidi ya gari na pete ya mama yake, akausaini mbele ya mashahidi siku ile ile.

Makaburini hakwenda mpaka majani yalipoanza kupukutika. Alisimama mbele ya jiwe, akiwa amejiandaa kusema maneno mazuri.

"Mjinga wee," akasema badala yake. "Ulikuwa unaogopa, au ulikuwa hutaki? Niambie moja tu, Emmett. Lolote nitalikubali."

Akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Kisha akapiga magoti, akaanza kuyaondoa majani kwa mikono, analia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.